Je, Mashine ya Barafu Imeishiwa Gesi?

Mashine ya barafu ikianza kulegea katika jiko la hoteli hapa Unguja, iwe Shangani au Nungwi, maneno ya kwanza kusikika huwa yale yale. Adhuhuri imefika na sanduku la barafu halijajaa, vipande vimekuwa vyembamba kama maganda, wahudumu wananung'unika, na mwenye jiko anampigia simu fundi: "Njoo uitie gesi, imeishiwa." Fundi hupanda pikipiki na mtungi wake, hufunga geji, hutia gesi, hulipwa na kuondoka. Wakati mwingine barafu hunenepa kwa siku chache. Wakati mwingine hainenepi hata siku moja. Mwezi haupiti, simu inapigwa tena.

Neno ninalotaka kulipima hapa ni moja tu, "imeishiwa". Gari huishiwa petroli kwa kuwa linaichoma. Jiko la gesi huishiwa gesi kwa kuwa inaungua chini ya sufuria. Je, mashine ya barafu nayo huila gesi yake? Ili tulijibu swali hili kwa haki, itatubidi tuanze mbali kidogo, kwenye maji yenyewe.

Barafu haipatikani kwa kutia baridi ndani ya maji. Hupatikana kwa kuyatoa maji joto lililomo. Kuishusha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi ni kuondoa nishati ya kilojuli 4.2 hivi. Maji yakifika nyuzi 0 bado ni maji. Ili yagande, kila kilo lazima itolewe kilojuli 334 nyingine, na muda wote huo kipimajoto hakisogei. Wanafizikia hukiita kiasi hiki joto fiche, kwa kuwa hakionekani kwenye kipimajoto ingawa kipo. Nacho si kidogo: kingetosha kuyashusha maji hayo hayo kwa nyuzi 80. Mchuuzi wa samaki pale Malindi anaishi kwa joto hilo hilo, ila kwa upande wa pili. Barafu yake ikiyeyuka juu ya samaki, kila kilo hunyonya kilojuli 334. Kilo 10 za samaki waliotoka baharini wakiwa na nyuzi 28 zinahitaji, kwa hesabu ya daftari, kilo 3 hivi za barafu ili zifike nyuzi 0. Jua, upepo na sanduku lisiloziba huila barafu nyingine, ndiyo maana katika nchi za joto wavuvi hushauriwa kuweka kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki.

Sasa tuitazame lebo ya mashine. Watengenezaji wengi huandika uwezo wa aina mbili: kilo kwa siku iwapo hewa ina nyuzi 21 na maji nyuzi 10, na kilo kwa siku iwapo hewa ina nyuzi 32 na maji nyuzi 21. Muuzaji humwonyesha mteja tarakimu ya kwanza, maana ndiyo kubwa. Lakini Unguja, wakati wa kaskazi, ni bomba gani litoalo maji ya nyuzi 21? Maji yaliyokaa kwenye tangi jeusi la plastiki juu ya dari huweza kufika nyuzi 32 na kuzidi. Kilo ya maji ya nyuzi 10 inadai kuondolewa kilojuli 376 hadi iwe barafu, kilo ya maji ya nyuzi 21 inadai 422, na kilo ya maji ya nyuzi 32 inadai 468. Kutoka 376 hadi 468 ni ongezeko la karibu robo. Mashine nzima, mpya, isiyo na kasoro yoyote, itatoa barafu pungufu kwa sababu tu imefungwa hapa na si kule ilikopimwa. Kwa hiyo malalamiko mengine huanzia dukani, na hakuna fundi anayeweza kuyatibu. Tangi likiwekewa kivuli, au bomba la kuingilia mashine likipitishwa mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kilo kadhaa kwa siku hurudi bila gharama nyingine.

Tumejua kazi ni kuhamisha joto. Nani analihamisha? Hapo ndipo gesi inapoingia. Mafundi huita gesi kile kitu kinachozunguka ndani ya mabomba, ingawa nusu ya safari yake huwa ni kimiminika. Safari ina vituo vinne. Kompresa huikandamiza gesi hadi iwe na presha kubwa na joto kali. Kutoka hapo huingia kondensa, ile koili yenye mapezi membamba ya alumini inayopulizwa na feni, na humo hutua joto lake kwenye hewa ya chumba, ikageuka kimiminika. Kisha hupita kwenye valvu ya kutanulia, tundu dogo linalopimwa kwa uangalifu, ambapo presha hushuka ghafla. Baada ya hapo huingia nyuma ya sahani ya kugandishia, ikachemka kwa nyuzi nyingi chini ya sifuri, na kwa kuchemka ikanyonya joto la maji yanayoteremka upande wa mbele. Ikishageuka mvuke hurudi kwenye kompresa na kuanza upya.

Mfano wa karibu ni hamali wa bandarini. Anaingia melini mikono mitupu, anabeba gunia, analitua ghalani, anarudi. Mzigo ndio unaohama, hamali hapungui. Asubuhi wakiwa kumi na jioni wakiwa sita, hatusemi wanne wameliwa na magunia. Tunauliza mlango gani umeachwa wazi.

Mashine za vipande, zile za hoteli na mikahawa, zina zamu mbili. Katika zamu ya kugandisha, pampu ndogo hupandisha maji kutoka kwenye bakuli la chini na kuyamwaga juu ya sahani, yakiteremka tena na tena hadi barafu ifikie unene uliopangwa. Katika zamu ya kuangusha, valvu ya gesi moto hufunguka, gesi iliyotoka kwenye kompresa ikiwa bado na joto hupelekwa moja kwa moja nyuma ya sahani, barafu huachia na kuporomoka sandukuni. Mitambo mikubwa ya barafu ya matofali au ya vipande bapa, inayohudumia samaki, ina umbo jingine na mara nyingi hutumia tangi la maji ya chumvi au mtungi unaokwanguliwa. Vituo vinne ni vile vile.

Tuchukue mashine moja ya mfano, ya darasani. Imefungwa nyuma ya jiko, Mji Mkongwe. Ilipokuwa nzima iliangusha kilo 2 za barafu kila baada ya dakika 20. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo ilitoa kilo 144. Leo inaangusha kilo hizo hizo 2 kila baada ya dakika 30, yaani kilo 96. Kilo 48 zimepotelea wapi?

Tuanze na maji, na tukae hapo kwa muda, kwa sababu Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe hayo na kushikamanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Maji ya visima vya kisiwa nayo yamepita katika mawe hayo hayo kabla ya kufika kwenye bomba, yakayeyusha chokaa njiani na kuja nayo. Huo ndio ugumu wa maji: wingi wa madini ya kalisi na magnesi yaliyoyeyuka ndani yake. Mwenye birika la umeme anaujua bila kufundishwa. Amekwisha kuuona ukoko mweupe chini ya birika.

Maji yanapoganda polepole yakiwa yanatiririka, fuwele ya barafu hujijenga kwa maji matupu na kuyasukuma madini nje. Ndiyo maana barafu ya mashine nzuri hung'aa kama kioo, tofauti na ile ya kwenye vifuko vya friji ya nyumbani iliyo nyeupe katikati. Lakini madini yaliyosukumwa hayatoweki. Hubaki katika maji ya bakuli, na maji hayo hukolea zaidi kila zamu. Mashine hupaswa kuyamwaga na kuchukua mapya. Valvu ya kumwagia ikiziba, au mtu akiifunga kwa nia ya kuokoa maji, ukoko hujengeka juu ya sahani, ndani ya bomba lenye vitundu linalogawa maji, na juu ya ncha ya chuma inayopima unene wa barafu.

Ukoko huo hufanya mambo matatu. Vitundu vya kugawia vikiziba, maji hayafiki safu fulani, na kwenye mlango wa mashine unaona mistari ya sahani isiyo na barafu kabisa. Sahani ikiwa na ukwaru, barafu hung'ang'ania wakati wa kuangushwa, zamu ya kuangusha inarefuka, na kipande cha kwanza kinayeyuka kikisubiri cha mwisho. Nayo ncha ya kupimia ikifunikwa hutoa taarifa ya uongo: mara barafu inaangushwa ikiwa bado nyembamba, mara inaachwa hadi iwe bamba zima lisilogawanyika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibika kwa mtungi wa gesi.

Kuna kasoro nyingine ya maji inayofanana na upungufu wa gesi kama pacha. Valvu ya umeme inayoingiza maji, iking'atwa na chembe ya mchanga, haifungi sawasawa. Katikati ya zamu ya kugandisha, maji ya uvuguvugu huendelea kudondokea bakulini. Mashine inapoza maji ambayo hayaishi, zamu inarefuka, barafu inakonda. Fundi aliyefunga geji ataona mambo yasiyoeleweka na atavutwa kutia gesi. Kipimo cha kasoro hii hakihitaji geji: zima mashine, subiri, tazama. Maji yakiendelea kudondoka wakati hakuna umeme, valvu inavuja. Kinyume chake nacho kipo. Kichujio kikijaa matope ya tangi, au presha ya maji ikiwa ndogo, bakuli halijai, na vipande hutoka vidogo vyenye shimo katikati.

Dawa ya ukoko ni asidi laini iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za barafu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sahani nyingi zimepakwa nikeli juu ya shaba, na si kila asidi inavumiliwa na nikeli. Ile asidi kali ya kusafishia vyoo hutoa ukoko kwa dakika chache na kuubambua mng'aro pamoja nao. Baada ya hapo barafu haitaachia tena hata sahani ikiwa safi, na sahani mpya ni ghali sana. Lipo na jambo la usalama ambalo sitaki lipite haraka. Asidi na dawa ya klorini ya kuulia vijidudu visikutane kamwe. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo katika chumba kidogo huweza kuua. Kwanza asidi, kisha suuza kwa maji mengi, kisha dawa ya vijidudu, kisha suuza tena, na barafu ya mwanzo itupwe. Vijidudu navyo visidharauliwe. Barafu ni chakula. Kisiwa hiki kimeonja kipindupindu zaidi ya mara moja, na kuganda kwa maji hakukiui.

Kutoka kwenye maji twende kwenye hewa. Joto lote lililotolewa majini, pamoja na lile la kazi ya kompresa, lazima litoke kupitia kondensa. Kwa kawaida gesi ndani ya kondensa inayopozwa kwa hewa hugeuka kimiminika ikiwa na nyuzi 10 hadi 15 zaidi ya hewa inayopita. Hewa ikiwa na nyuzi 32, gesi itageuka karibu na nyuzi 45. Kwa gesi ya R-404A, iliyomo katika mashine nyingi za miaka iliyopita, hiyo ni presha ya karibu bari 20. Sasa iweke mashine hiyo katika kijichumba chini ya ngazi, katika nyumba ya kuta nene za mawe, bila dirisha. Hewa moto inayotoka kwenye feni haina pa kwenda. Inazunguka na kuingia tena pale pale. Hewa ya chumba inafika nyuzi 40, gesi inadai nyuzi 53 au 55, presha inapanda, kompresa inafanya kazi zaidi na kusukuma gesi pungufu. Katika Mji Mkongwe shida hii ina sura yake ya pekee. Mji huo uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mamlaka ya uhifadhi wake ipo tangu 1985. Mwenye nyumba hawezi kutoboa ukuta wa mbele apendavyo, na ni haki asiweze. Inambidi atafute njia ya hewa kupitia ua wa ndani, ambao waliojenga nyumba zile waliuweka kwa kazi hiyo pia ya kuvuta upepo. Mara nyingi ua upo, umegeuzwa stoo.

Kwa hiyo kabla ya geji, kipimajoto. Pima hewa inayoingia kwenye kondensa, si hewa ya jiko kwa jumla. Kisha washa tochi na utazame kati ya mapezi. Mafuta ya jikoni hunasa vumbi, vumbi hunasa nyuzi za taulo, na blanketi hujifuma taratibu pasipo mtu kuliona. Ukanda wa Nungwi, Paje na Kiwengwa huongeza chumvi ya bahari, inayokula alumini hadi mapezi yakasagika vidoleni kama jani kavu. Kondensa ya pwani inahitaji kusafishwa kwa brashi laini na kusuuzwa kwa maji matamu mara nyingi kuliko kitabu cha mashine kinavyosema, kwa kuwa kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya ufukwe wa kusi na kaskazi.

Hapa hoja inapata uzito wake. Fikiria kondensa imeziba na fundi ametia gesi. Gesi ya ziada haina kazi ya kufanya. Hukaa ndani ya kondensa ikiwa kimiminika na kuchukua nafasi iliyohitajika kutolea joto. Presha, iliyokuwa juu tayari, inapanda zaidi, mpaka swichi ya usalama inakata. Mashine iliyokuwa inatoa kilo 96 sasa inazima na kuwaka. Dawa imeongeza ugonjwa.

Umeme nitaupitia kwa ufupi zaidi. Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mei na Juni 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa karibu mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa karibu miezi mitatu, wakati barafu ilipokuwa mali ya mwenye jenereta. Mwaka 2013 waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi kwa msaada wa Marekani, na hali ikawa nyingine. Lakini waya mkubwa baharini hauhakikishi volti kamili mwisho wa kijiji. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka hufuata mraba wa volti. Badala ya 230 ukipata 190, nguvu ya kuanzia inabaki asilimia 68 tu. Kompresa inanguruma, haiondoki, inachemka, kinga yake inakata. Baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. Anayesikia mlio huo hudhani kompresa imekufa. Volti ipimwe wakati kompresa inajaribu kuwaka, si wakati imelala, na ipimwe kwenye vituo vyake vyenyewe. Kapasita na kontakta zitazamwe, maana hewa ya chumvi hula ncha zake na mijusi hufia humo. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa isiwashwe kabla ya dakika tatu au zaidi, ili presha za pande mbili zikaribiane.

Maji yamepimwa, hewa imepimwa, umeme umepimwa. Ikiwa yote ni sawa na kilo bado hazitoshi, ndipo tunapofika kwenye gesi, na hata hapo kitu cha kwanza cha kusoma ni barafu. Gesi ikipungua, huchemka yote mapema inapoingia nyuma ya sahani na kuiacha sehemu ya mwisho bila kitu. Barafu itakuwa nene upande gesi inakoingilia na nyembamba, au hakuna, upande inakotokea. Hiyo ni sura tofauti na mistari mitupu ya ukoko, na tofauti na vipande vidogo kila mahali vya uhaba wa maji. Anayejua kusoma sura hizi tatu amekwisha kufanya nusu ya kazi akiwa amesimama mlangoni.

Geji zikifungwa, zisomwe kwa pamoja. Presha ya chini ikiwa ndogo na ya juu nayo ikiwa ndogo, gesi imepungua au njia imeziba, kwenye valvu ya kutanulia au kwenye kikaushio kinachonasa unyevu wa gesi. Presha ya chini ikiwa kubwa na ya juu ikiwa ndogo, gesi inarudi bila kufanya kazi: ama kompresa imechoka, ama valvu ya gesi moto haifungi. Mkono husaidia kuzitenganisha. Mashine ikiwa imegandisha kwa dakika tano, gusa kwa uangalifu bomba linaloingia kwenye valvu ya gesi moto. Lapaswa kuwa la kugusika. Likiwa moto karibu sawa na bomba linalotoka kwenye kompresa, valvu inapitisha kwa siri, na sahani inapashwa wakati inapozwa. Ninaitaja kasoro hii kwa sababu imegharimu watu wengi kompresa nzima ambazo hazikuwa na hatia.

Na ikithibitika kwamba gesi imepungua kweli? Basi imetoka. Mzunguko wa mashine umeunganishwa kwa kulehemu pande zote, na gesi haichomwi, haigeuki kitu kingine, haichakai kwa kuzunguka. Upungufu ni jina jingine la tundu. Kutia gesi bila kulitafuta tundu ni kujaza ndoo iliyotoboka. Tundu hutafutwa kwa povu la sabuni au kifaa cha kunusia, hasa pale mabomba yanaposuguana, kwenye kona za koili zilizoliwa na chumvi, na kwenye valvu za huduma zilizoachwa bila vifuniko. Huzibwa huku naitrojeni ikipita ndani ya bomba ili masizi yasijengeke, kikaushio hubadilishwa, na mfumo hunyonywa hewa kwa pampu hadi presha ya maikroni 500 au chini yake. Hatua hii ya mwisho haina mjadala katika hewa nzito ya Unguja, kwa sababu mafuta ya kompresa yanayotumika pamoja na R-404A hunyonya unyevu kwa uchu, na unyevu ndani ya mfumo huzaa asidi. Baada ya hapo gesi hutiwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye lebo. R-404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, hivyo hutolewa mtungini ikiwa kimiminika ili uwiano wake usivurugike.

Tundu pia halimgharimu mwenye jiko peke yake. Kilo moja ya R-404A ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi. Oktoba 2016, Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za aina hiyo kupitia marekebisho ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Matokeo yake yanaonekana tayari madukani: mashine mpya nyingi zinakuja na R-290, ambayo ni propani, gesi ya jamaa moja na ile ya kupikia. Madhara yake kwa hewa ya dunia ni madogo sana, lakini inawaka. Mashine za biashara hubeba kiasi kidogo, mara nyingi kisichozidi gramu 150, na makosa ya gramu chache huonekana kwenye barafu. Fundi aliyezoea kutia "mpaka geji iseme" hatafika mbali nayo, na asipoachana na sigara na moto wa kulehemu kabla ya kuitoa gesi yote, anahatarisha maisha yake na ya walio jikoni.

Sasa naweza kusema ninachokiamini. Katika kisiwa cha matumbawe, chenye maji ya chokaa, hewa ya chumvi na majiko yasiyopumua, gesi iwe ya mwisho kushukiwa, na haifai kutiwa hata gramu moja kabla ya maji, hewa na umeme kupimwa na kuandikwa. Mteja anayelipia gesi kila mwezi anauziwa kitu kimoja mara kumi na mbili, na kosa si la fundi peke yake. Ni la mwenye jiko pia, aliyetaka kusikia neno rahisi na kukataa kulipia saa mbili za uchunguzi.

Turudi kwenye mashine yetu ya mfano. Kondensa imesafishwa, stoo iliyoziba ua imehamishwa, vitundu vya kugawia maji vimezibuliwa, valvu ya kuingizia maji imebadilishwa, tangi limewekewa kivuli. Fundi ameshika ndoo na saa. Barafu ya kwanza ameitupa, ya pili ameipima: kilo 2, dakika 21. Anaandika kwa penseli ndani ya mlango wa mashine: kilo 137, pamoja na tarehe, nyuzi za maji na nyuzi za hewa, ili atakayekuja baada yake awe na pa kuanzia.